Aliyewaosha Wazee kwa Jina la Mama

Kabla ya kumgusa mgonjwa, aliingiza mikono yake kwapani, ndani ya sweta, akasimama hivyo kwa muda. Mgeni angedhani ni uvivu. Mimi mwenyewe, wiki yangu ya kwanza pale wodini, nilidhani ni uvivu, nikamwambia, "Mama, kazi inangoja."

Akaniangalia kutoka viatu hadi kofia. "Inangoja mikono ipate joto, Sista. Wewe ungependa kuguswa matako na chura?"

Wazee wakacheka, mmoja akacheka hadi chupa ya dripu ikatikisika. Nilikuwa nimetoka chuo na diploma yangu mbichi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia nipashe mikono joto. Hospitali yetu iko juu ya Kianjokoma, pale mashamba ya chai yanapokaribia msitu, na ikifika Julai baridi ya kule haina utani. Nilijifunza siku hiyo hiyo. Lakini sikumshukuru. Mimi ni mtu wa Kibirichia, na Wameru tunasemwa kwa hasira, sitajitetea.

Kwenye orodha ya zamu aliandikwa Msaidizi, nasi tulimwita hivyo, Msaidizi. Jina lake la kitambulisho nalijua, niliwahi kuliandika kwenye barua moja ambayo nitaifikia, lakini hapa sitalitaja. Na nisizunguke sana: kuna mtu alikufa vibaya katika wodi yangu, na mimi na Msaidizi tunajua alivyokufa. Nimekaa na jambo hilo miaka. Ndiyo sababu siwezi kumsifu Msaidizi bila kulisema, wala kulisema bila kumsifu.

Ilikuwa wodi ya wanaume, vitanda kumi na vinne. Wengi walikuwa wazee wa milimani, watu wa chai na kahawa na ng'ombe mmoja, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kuvuliwa shati na mtu mwingine. Mzee wa namna hiyo ukimfunua blanketi, wewe msichana wa rika la binti yake, ni kama umempiga kofi mbele ya watu. Anashika blanketi kwa mikono miwili. Anasema hana kiu ili asije akahitaji kukojoa. Anakwambia ameoga, na huku unanusa. Sisi wauguzi tulizoea kuwatisha kwa methali, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee," kisha tunavuta blanketi. Msaidizi alikuwa akichukia hiyo methali hadi kwenye meno. "Haya maradhi hajayaficha," aliniambia, "ameficha makalio. Kwani yako umeyaanika?"

Yeye alikuwa na njia yake. Huku kwetu, Embu na Meru pia, mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na baba humheshimu binti huyo kama mama yake mzazi. Utamwona mzee mzima akikaripiwa na kitoto cha miaka minne mbele ya wageni, naye anacheka, "Mama amesema, mnataka nifanye nini?" Basi Msaidizi akifika kwa mgonjwa mpya alivuta kiti, akaketi. Hakuwahi kuongea na mgonjwa akiwa amesimama. Akauliza habari za nyumbani, mvua, ng'ombe. Halafu akauliza, "Mzee, mama yako aliitwa nani?"

"Rwamba."

"Basi kutoka leo mimi ni Rwamba. Na Rwamba alikuosha kabla hujajua aibu ni nini. Haya, inua mkono."

Nimeona hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado sijui ilifanyaje kazi. Wazee hawakuwa wajinga. Walijua huyu ni mama wa hospitali mwenye aproni na ndoo. Lakini alipotamka lile jina, mabega yalishuka. Mkono ukaachia blanketi. Nilimwona chifu mstaafu, mtu aliyewahi kutisha tarafa nzima, akinyoosha mguu wake aoshwe katikati ya vidole, macho ameyafumba.

Alikuwa akisema kila kitu kabla ya kukifanya. Sasa naosha shingo. Sasa naja mgongoni. Hapa pataguswa na maji, ni ya moto kidogo. Sasa nakugeuza, nisaidie kwa bega lako zima. Hata aliyepoteza fahamu alimwambia. Nilimuuliza kwa nini anapoteza pumzi kwa mtu asiyesikia, akanijibu kwamba anayesikia ni yeye anayesema, na akisema atafanya polepole basi itabidi afanye polepole.

Alikuwa na swali lingine ambalo sijalisikia kwingine: "Nyumbani unalala ukiangalia mlango au ukuta?" Akishajua, alikigeuza kitanda au alimgeuza mtu, na usingizi ulikuja bila kidonge. Mkate ukiliwa kitandani, alipitisha kiganja juu ya shuka kuokota makombo, kwa sababu kombo moja chini ya mtu asiyeweza kujigeuza linakwaruza kama mchanga. Kikombe alikiweka upande wa mkono mzima, kila mara. Penye kidonda kinachonuka alisukuma karai la makaa baridi chini ya kitanda yavute harufu, wala hakukunja pua. Akisafisha mtu aliyejichafua, aliongea habari za bei ya majani chai bila kukatiza, mgonjwa naye akalazimika kujibu, na wakati anabishana kuhusu bonasi ya kiwanda kazi ikawa imekwisha. Jumamosi aliwanyoa ndevu wote. "Kesho wake zao wanakuja," alisema. "Waone waume, wasione maiti."

Ukisikia hayo utadhani alikuwa malaika. Ng'o. Alikuwa na mdomo mchafu. Alitafuna muguka, ndugu wa miraa, nyuma ya stoo ya mafuta, yeye mama wa kanisa mwenye kitambaa cheupe cha Jumapili, na ukimkuta alikutazama tu shavu limefura, akangoja uthubutu kusema. Ndugu za wagonjwa waliokuja kusali kwa kelele aliwafukuza. Wanawe walimwogopa, binti yake mkubwa aliwahi kuniambia, bila hata uchungu, kwamba yeye hakumbuki kushikwa na mama yake ila kwa kuchapwa. Maiti hakuigusa. Mtu akikata roho, Msaidizi aliondoka wodini na kutuachia sisi. "Mimi ni wa walio hai," alisema, akaenda zake kuosha ndoo iliyokuwa safi tayari.

Na kinyongo! Alikosana na mpishi kwa sababu ya upawa wa uji, mpishi alisema ameuvunja, naye hakuuvunja. Kwa miaka minne hakunywa uji wa jikoni. Alibeba wake kutoka nyumbani kwa chupa, mvua na jua, akaunywa mbele ya dirisha la mpishi. Mpishi akaomba msamaha, akamletea hata upawa mpya wa zawadi. Akaupokea, akaufanya sahani ya paka. Sisi tulicheka sana kuhusu upawa. Hatukujiuliza mtu anayeweza kuweka kitu moyoni miaka minne kwa ajili ya upawa angeweka nini kwa jambo kubwa.

Mwaka wangu wa tano nilifanywa mkuu wa wodi. Nilikuwa mdogo kwa kazi hiyo na nilijua watu wanajua. Nilitaka kila kitu kiwe sawa, kona za shuka nyuzi tisini, faili zimepangwa, majina kifuani. Na nitasema ukweli kwa kuwa hakuna wa kunizuia: nilimwonea wivu Msaidizi. Wagonjwa wakitoka, waliuliza yuko wapi Rwamba, yuko wapi Wanja, waagane. Mimi niliyewadunga sindano na kukesha na homa zao walinipungia mkono mlangoni. "Asante, Sista." Hakuna aliyejua naitwa nani.

Halafu akakosea. Alilazwa mwanamume mmoja wa makamo, mtu wa soko, ameungua miguu yote miwili. Msaidizi akaketi, akauliza maswali yake, akauliza jina la mama. Mtu akalitaja kwa sauti ndogo. Naye, kwa mazoea, akasema, "Basi kutoka leo mimi ndiye." Yule mtu alirusha beseni la maji ya moto. Lilimpata Msaidizi kifuani. Kumbe mama yake alimwacha sokoni akiwa na miaka mitano, akamwambia angoje hapo, hakurudi. Alilia siku mbili, mwanamume mzima, hakula, na ndugu yake akaja ofisini kwangu akipiga meza: mna mfanyakazi hapa anajifanya mama yetu, huu ni uchawi au ni nini?

Ningeweza kulimaliza kwa maneno. Msaidizi mwenyewe alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya kosa lile, alikuja akaniambia, "Nimemuumiza, Sista. Sikujua kuna mama kama huyo." Mimi nikachukua kalamu, nikamwandikia matroni, mkuu wa wauguzi. Nikaandika jina lake kamili, nikaandika kwamba anawadanganya wagonjwa, kwamba ameonywa mara kadhaa, jambo ambalo si kweli. Jumatatu akahamishiwa dobi, kufua shuka.

Dobi ilikuwa chini ya wodi yetu. Ngazi kumi na moja tu.

Wakati huo kitanda cha tisa alilala Mwalimu. Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyoitwa na tarafa yote. Alifundisha hesabu shule ya msingi hadi akastaafu. Alianguka kutoka juu ya mti wa makadamia akivuna, uti wa mgongo ukavunjika, kuanzia kiunoni hana hisia. Mtu kama huyo ngozi yake ndiyo uhai wake. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, akaushwe, apakwe mafuta, la sivyo nyama inaoza pale inapobanwa na mfupa. Msaidizi alimshika miezi minne, na miezi minne hakupata hata alama. Mama yake Mwalimu aliitwa Igoki. Basi Msaidizi alikuwa Igoki wake.

Mwalimu pia alikuwa na binti, na kwa desturi ile ile niliyoieleza, binti naye ni Igoki. Alikuwa na kibanda cha vyakula Nchiru, karibu na chuo, aliwauzia wanafunzi chapati na maharagwe. Alikuja Jumapili kwa Jumapili, siku ambayo Msaidizi hakuwa kazini, yuko kanisani. Kwa hivyo huyu binti hakuwahi kusikia baba yake akimwita mtu mwingine kwa jina lake. Alijua tu kuna mama fulani wa wodini ambaye baba humsifu.

Msaidizi alipoondoka, walibaki wasichana wawili wasaidizi, wazuri tu, wenye nguvu. Mwalimu aliwatazama, akashika blanketi. "Hawa nimewafundisha kugawanya," aliniambia. "Leo ndio wanivue suruali?" Walimbembeleza. Nilimbembeleza. Akakataa. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa amekataa kugeuzwa. Kesho yake nikaandika tena, amekataa. Ukiandika hivyo, sheria inakuacha huru, dhambi ni ya mgonjwa.

Siku ya nne akaanza kuita. Ilikuwa alasiri, saa tisa hivi, wakati ule Msaidizi alikuwa akija na beseni. "Igoki! Igoki, we!" Sauti ya mtu aliyezoea kuita darasa. Akaita mpaka saa kumi na moja. Siku iliyofuata tena.

Daktari alikuwa kijana mgeni, wa mbali, hajui desturi zetu. "Igoki ni nani?"

Na mimi nilijua. Mungu ni shahidi, nilijua. Mzee wa kitanda cha kumi naye alijua. Alikuwa amekaa amejifunika shuka mabegani, ananiangalia. Nikasema, "Ni binti yake, daktari. Yuko Nchiru. Amemkumbuka tu."

"Anawasumbua wengine. Mtulizeni na sindano."

Daktari alipoondoka, mzee wa kitanda cha kumi akanong'ona, "Sista, unajua anaita nani."

"Lala, mzee," nikamwambia.

Nilimdunga mwenyewe. Ngazi kumi na moja, au hata nisishuke, nifungue tu dirisha niseme, njoo juu kidogo. Lakini ningemwita, ningekuwa nimekubali mbele ya wodi nzima kwamba barua yangu ilikuwa ya wivu. Nikajiambia kesho. Mtu aliyedungwa sindano ya usingizi hajigeuzi hata pale anapoweza. Wiki ya kwanza ukatokea wekundu chini ya mgongo. Ya pili ngozi ikapasuka. Wiki ya tatu nilifunua bandeji nikaona mfupa, mweupe, safi kabisa katikati ya uozo, na wasichana wangu wawili wakatoka nje kutapika. Binti alikuja Jumapili akauliza, "Baba ananuka nini?" Nikamjibu ni dawa. Bado aliita, lakini sauti ilikuwa imekwisha, ni midomo tu. Sumu ikaingia damuni. Alikufa Alhamisi, blanketi amelishika.

Binti alifika tukiwa tumeshamfunika. Alisimama pale, ana unga wa chapati kwenye mikono ya sweta, akaniuliza kama baba alisema neno. Sikujipa hata nafasi ya kufikiri. Nikamwambia, "Alikuwa anakuita. Kila siku alikuwa anakuita wewe."

Alianguka chini, hapo hapo kwenye sakafu.

Nilitaka kumfariji, au nilitaka neno langu kwa daktari lisimame, sijui. Baada ya mazishi alifunga kibanda cha Nchiru, akarudi kukaa kwa boma la baba yake. Sijui kama alikuwa na mchumba, watu husema alikuwa naye. Kwenye mazishi yenyewe aliomba wafanyakazi wa hospitali tusimame. Akatushukuru. "Hawa walikuwa na baba saa ambazo mimi sikuwa," alisema. Nilisimama katikati ya watu mia tatu, nikapigiwa makofi.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa matroni, nikasema Msaidizi arudishwe wodini, kazi imetushinda. Akarudi. Aliingia na ndoo yake, akapita kitanda cha tisa ambacho kilikuwa na mtu mwingine tayari. Nilingoja aseme. Nilingoja siku hiyo na nilingoja miaka saba, mpaka alipostaafu. Alipasha mikono joto kwapani, aliketi, aliokota makombo, aliuliza mlango au ukuta. Lakini hakuuliza tena mtu yeyote jina la mama yake. Kifuani alibandika kile kibandiko cha jina nilichokidai, na wazee wakashika mablanketi yao, naye akawaosha kwa kubembeleza, kwa utani, kwa muda mrefu zaidi, na wengine alishindwa. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili aliniletea uji wa wimbi na ndizi zilizopondwa. Nilikula nikilia, akadhani ni uchungu wa mshono. Au alijua. Kwa Msaidizi huwezi kujua.

Nilijishawishi kwamba amenisamehe, halafu nikajishawishi kwamba hajui. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu anakua, anaanza kukuamuru ndani ya nyumba yako.

Mwaka jana, baada ya mvua ndefu, nikasikia amepigwa na kiharusi. Nilikwenda Jumapili. Nyumba yake ni ya mbao, ng'ambo ya soko la Kianjokoma, njia ni tope. Mke wa mwanawe alinifungulia, akaniambia bibi ni mkali hata sasa, akaenda zake shambani. Msaidizi alilala upande, ameangalia mlango, mkono wa kulia umekufa, mdomo umevutwa. Shuka ilikuwa safi. Nilipasha mikono yangu joto kabla ya kumsalimia, akaona, akatoa sauti ambayo nadhani ilikuwa kicheko.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikavuta kiti. Nikamwambia kuhusu barua, kwamba hakuwahi kuonywa, kwamba nilitunga. Nikamwambia kuhusu Mwalimu, na kile nilichomwambia daktari. Nilisema, "Alikuwa anakuita wewe, na mimi nilijua. Nimekuja unisamehe."

Maneno yake yalitoka mazito, moja moja, na ilibidi niiname karibu na mdomo.

"Nilikuwa nasikia."

"Ulisikia nini?"

"Dobi ina mvuke. Dirisha liko wazi siku zote." Akapumzika. "Saa tisa. Igoki, Igoki, we. Nimeshika shuka hapa, maji yanadondoka. Nikasema, wacha aite. Wacha huyu msichana wa Kibirichia aone kazi ni nini. Nilingoja uje uniite, Sista. Ukakataa kushuka. Nikakataa kupanda."

"Lakini ulijua ngozi yake."

"Nilijua. Zile shuka zake nilizifua mimi. Niliona usaha ukianza. Nilijua kabla yako."

Nilisimama. Hasira ilinipanda, ile yetu ya nyumbani, nikataka kumwambia shetani, mchawi, ulimwacha aoze kwa sababu yangu. Halafu nikaangalia mikono yangu. Nikaketi tena. Miaka yote nilimwona kama mtu niliyemkosea, na kumbe nilikuwa na mwenzangu. Nilikuja kuomba msamaha, na pale chumbani hakukuwa na mtu mwenye haki ya kuutoa.

"Anakuja," Msaidizi akasema.

"Nani?"

"Binti yake. Kila Jumapili, kanisa likitoka. Tangu nianguke. Ananiletea maziwa, ananiosha mgongo." Jicho lake zima lilikuwa likitiririka na hakuweza kulipangusa, nikampangusa. "Ananiambia, wewe ulimtunza baba, mimi aliniita sikuja. Kila Jumapili hiyo. Mimi namnyamazia. Maziwa nayanywa. Mwambie, Sista. Mimi ulimi hauwezi, nikianza nitaishia katikati."

"Akishajua, hataleta maziwa tena. Nani atakuosha?"

"Mwambie."

Hatukungoja sana. Nilisikia mtu akikwangua tope la viatu mlangoni, akaingia akiwa amevaa nguo za kanisa, mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka, mvi mbili tatu mbele ya kitambaa. Aliponitambua alifurahi, haki ya Mungu alifurahi. "Sista! Nyinyi wawili leo mko pamoja! Baba angewaona!" Akamshika Msaidizi shavu, akamuuliza kama amekula, akaanza kukunja mikono ya blauzi aende kutafuta beseni.

Nikamwambia, "Igoki, keti kwanza."

"Nitaketi, Sista, ngoja nipashe maji."

"Keti. Ni kuhusu baba yako."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, chupa ya maziwa mapajani. Msaidizi hakufumba macho, alimtazama. Nilianza na barua. Nikaeleza lile jina, namna wazee walivyoombwa jina la mama na namna Mwalimu alivyompa la mama yake. Nikaeleza dobi, ngazi, saa tisa, sindano. Sikuruka mfupa. Alipoanza kutikisa kichwa sikunyamaza, kwa kuwa nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikamwambia, "Alikuwa anamwita huyu hapa. Na sisi wawili tulikuwa tunamsikia."

Chupa ilianguka, haikupasuka, ikaviringika hadi ukutani. Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Lakini alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayejaribu kusikia kitu kutoka mbali sana, na aliposema, sauti ilitoka ndogo, ya msichana.

"Kwa hivyo hakuwa ananiita mimi?"

"Hapana," nikamwambia. "Si wewe."